Kichapuzi, si Kichocheo

Rasimu ya kitabu cha kemia iliyonifikia hapa Ogembo inadai kwamba oksidi ya kromi ni kichocheo, na kwa hiyo huupa mmenyuko joto. Nimeirudisha ikiwa na mstari mwekundu chini ya dai hilo. Simlaumu mwandishi. Nawalaumu wanakamati wa istilahi waliookota neno la kwanza lililowajia, wakaligonga muhuri, wakaenda zao.

Kuchochea ni kusukumia kuni motoni ili uwake zaidi. Mpishi huchochea jiko, mchonganishi huchochea ugomvi, na katika biolojia hata homoni zimeitwa vichocheo. Kila mara kuna kinachoongezwa na moto unakua. Sasa tazama propani inapopokonywa haidrojeni ikawa propini. Mmenyuko huo hufyonza joto, takriban kilojuli 124 kwa moli, na joto lenyewe hutoka kwenye tanuri la nyuzi 600 hivi. Oksidi haichangii lolote katika hesabu hiyo, wala haigusi msawazo wa mwisho. Hufungua njia nyepesi tu.

Ndiyo maana nashikilia neno kichapuzi. Chapua ni kitenzi cha mwendo: msafiri huchapua miguu, wapigaji huchapua ngoma, na chapuo ni ngoma ndogo. Mwisho wa safari haubadiliki. Kasi ndiyo hubadilika. Umbo lake nalo halina kasoro: kagua imezaa mkaguzi, fafanua ikazaa ufafanuzi, na chapua inazaa kichapuzi. Wapo wanaosema neno hili limekaa kishairi mno. Basi wanitajie kanuni ya sarufi liliyoivunja. Mkemia Berzelius mwenyewe, alipobuni jina la kimataifa la tendo hili mwaka 1835, alikwenda kwenye Kigiriki akachukua neno la kufungua na kulegeza. Moto hakuutaja.

Mwanafunzi aliyeacha kutafuta joto ndani ya oksidi atautazama uso wake, na huko ndiko kwenye mambo. Kromi ikitandazwa kidogo juu ya alumina, atomi zake hukaa zimetawanyika, nyingine zikiwa na nafasi wazi. Propani ikigusa hapo, kaboni hushikwa na kromi, haidrojeni hushikwa na oksijeni iliyo jirani, na kifungo baina yao hukatika. Kromi ikizidi, hujikusanya kuwa fuwele, na atomi nyingi hufichika ndani zisifikiwe. Oksidi ya vanadi nayo hutenda tofauti ikiwa imekaa moja moja, ikiwa minyororo, au ikiwa fuwele. Kisha, baada ya dakika kadhaa, masizi ya kaboni huuziba uso, ikabidi yateketezwe kwa hewa.

Kenya ina historia katika jambo hili. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichofanya kazi kuanzia 1963 hadi 2013, kilikuwa na mtambo wa kuinua ubora wa petroli ambamo haidrokaboni zilipokonywa haidrojeni juu ya kichapuzi. Magunia ya polipropilini yanayojazwa mahindi katika soko letu yametokana na propini.

Matumizi, kwa ufupi: kichapuzi, vichapuzi, na uchapuzi kwa tendo. Mmenyuko wenyewe nauita upokonyaji haidrojeni, kwa kuwa uondoaji umekwisha kushikana na maji, na wanafunzi huichanganya mimenyuko hiyo miwili. Mpinzani wangu mmoja hujibu kwamba kichocheo kimeshazoeleka. Kimezoeleka kwenye homoni, kibaki huko.