Mwimba karisi na wale waliomkaribisha

Leo mtu akisikia neno «konseri», anafikiri jukwaa, grupu ya umeme, vipaza sauti na tikiti mlangoni. Lakini huku kwetu, toka Buleusa mpaka kwa jirani zetu Wanyanga, ambao jina lao ndilo la sekta yetu ya Wanianga, kumwita mwimbaji na kumpangia kazi si jambo lililokuja na wazungu. Inafaa vijana wajue wazee walilifanya namna gani.

Kati ya Wanyanga, karisi ni ile hadithi ndefu ya shujaa, kama hadithi ya Mwindo. Ni jina la pepo vilevile, anayemlinda mwimbaji na kumpa nguvu. Mwimbaji mwenyewe anaitwa she-karisi. Huyu hakuishi kwa kuimba tu: alikuwa na shamba lake na mitego yake kama watu wengine. Aliimba mwami au mkubwa wa kijiji alipomwita, mara nyingi jioni, watu wakiisha kutoka mashambani.

Sasa, kupanga jioni ile kulidai nini? Kwanza, mwenye kualika. Bila yeye hakuna mchezo. Pili, chakula na pombe. Tatu, vijana watatu hivi wa kupiga ule mti mkavu uliolazwa juu ya vijiti ili sauti itoke vizuri. Mwimbaji alishika kibuyu cha kutikisa, akavaa njuga miguuni, akaimba, akasimulia, akacheza. Watu hawakukaa kimya: waliitikia na kumtia moyo. Malipo hayakuwa ya mlangoni. Yalitoka katikati ya wimbo: shanga, bangili, chakula, hata butea, ile feza ya zamani ya nyuzi. Aliyefurahi alitoa, na wote waliona nani ametoa.

Mwaka 1956, mtaalamu Daniel Biebuyck wa Ubelgiji alimkuta she-karisi Candi Rureke katika kijiji cha Bese. Rureke aliimba na kucheza kwa siku 12, mpaka sauti ikaanza kumwishia, na wengine wakiandika. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye ni Mnyanga mwenyewe. Kumbe Rureke hakuwa amezoea kusema hadithi yote kwa mfululizo! Kwa desturi, jioni moja ilichukua sehemu moja tu. Kwa hiyo kitabu kimetunza maneno, lakini hakikuweza kutunza ile jioni yenyewe.

Mambo ya leo si ya kudharau. Festival Amani ilianza Goma mwezi wa pili 2014, kisha kuahirishwa mwaka 2013 juu ya vita. Watu waliingia Collège Mwanga kwa dolari moja kwa siku, na vijana wengi walijitolea kuipanga. Hata pale ilionekana kwamba mwanamuziki wa mbali hafiki kwa sababu ana sauti nzuri tu: anafika kwa sababu kuna watu waliotafuta mahali, chakula, usalama na wasikilizaji.

Ndipo ilipo hatari yetu. Vita vimekimbiza vijiji vingi vya Walikale na Masisi, na watu waliotawanyika hawana baraza ya kumkaribishia mtu. Tunasema waimbaji wameisha. Lakini tujiulize: nani amewaita? Wale vijana wa kupiga mti ndio waliokuwa wanafunzi. Walijifunza wakipiga, jioni baada ya jioni. Jioni isipopangwa, mwimbaji anapoteza chakula chake cha siku moja, lakini kijiji kinapoteza mwimbaji wa kesho.

Basi kazi ya chama cha utamaduni si kusifu zamani peke yake. Kama kuna muzee anayejua hata sehemu moja, aitwe, apikiwe, na vijana watatu wakae karibu naye na vijiti mikononi.