G6PD: Historia iliyomo kwenye damu yetu

Huku chini ya Meru baridi kama kawa. Sisi wa Bailojia tunapiga msuli wa glaikolisisi, nikaona niwatupie kahistoria ambako hakamo kwenye desa.

Chembe nyekundu ya damu haina mitokondria. Nguvu zake zote inapata kwa kuvunja glukosi, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Kikipungua kimoja, mfano pairuveti kinasi, chembe inakosa nguvu na kufa mapema. Pembeni ya njia hiyo yupo jirani anaitwa G6PD. Yeye huchepusha sehemu ya glukosi ili chembe ijikinge na sumu zitokanazo na oksijeni. Huyu ndiye anatuhusu sana.

Mwaka 1956 huko Marekani, watafiti waliokuwa wakijaribu primakwini, dawa ya malaria, kwa wafungwa wa gereza la Stateville, walieleza kwa nini baadhi yao chembe zilipasuka: walipungukiwa G6PD. Wengi wao walikuwa weusi. Kwa nini sisi jamani?

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilifuata jibu huku kwetu. Mwaka 1960 alionyesha kuwa Afrika Mashariki upungufu huu umejaa penye malaria nyingi, ila nyanda za juu ni mdogo. Mwaka 1961, ule ule wa Uhuru, yeye na David Clyde wakaripoti kwamba watoto wa Tanganyika wenye upungufu walikuwa na vimelea vichache vya malaria. Yaani kasoro ni ngao!

Ila ngao hiyo ina makali pande mbili. Mwaka 2008 LapDap, dawa ya malaria iliyojaribiwa pia Tanzania, iliondolewa sokoni kwa sababu dapsoni iliyomo ilipasua chembe za wenye upungufu.

Arusha mbu si wengi kama Pwani, lakini chuoni tumetoka kote: Tanga, Mwanza, Mtwara. Kila mtu kaja na damu yake, na jini hii iko kwenye kromosomu X, hivyo washkaji wa kiume ndio wanaumia zaidi. Ukimeza dawa ukaona mkojo rangi ya Coca-Cola na macho ya njano, usiende kuongeza dozi duka la dawa. Wahi hospitali, taja dawa uliyomeza.

Walimu watarajiwa, tukawafundishe watoto na hili. Maoni ruksa!