Koseti ya mgongo hupimwa, haichaguliwi dukani

KATIKA kijiji cha Rwamgasa, mkoani Geita, mgongo ndicho chombo cha kwanza cha kazi. Mchimbaji mdogo hushuka kwenye duara kwa kamba, na mawe yanayopandishwa hutiwa kwenye viroba ambavyo hubebwa tena mpaka kwenye karasha. Wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo hukaa chini wamejikunja kwa saa nyingi, tena wengine wakiwa na watoto mgongoni.

Nje ya nchi, Rwamgasa ilipata kujulikana kwa jambo jingine. Mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) kuhusu zebaki, uliotekelezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, ulikifanya kijiji hicho kuwa mojawapo ya maeneo yake ya utafiti. Maumivu ya mgongo hayakupata umaarufu huo.

Mtu anayeanguka duarani au kufukiwa na kifusi, akanusurika, anaweza kurejea kutoka hospitali na karatasi yenye neno ambalo wengi wamezoea kulisikia kwenye mazungumzo ya magauni ya harusi: koseti. Hapo ndipo makosa huanza. Ndugu hutumwa mjini kununua "mkanda wa mgongo", akaulizwa saizi, naye akakisia kwa kukumbuka suruali ya mgonjwa. Mkanda hufika, huvaliwa, na baada ya siku chache huwekwa pembeni kwa sababu unachoma mbavu.

Koseti ya mitindo na koseti ya tiba ni ndugu wa ukoo mmoja. Zote mbili ni vazi gumu linalozunguka kiwiliwili, lenye vijiti vya kulisimamisha na kamba au mikanda ya kulikaza. Huko Ulaya, katika karne ya 19, vijiti hivyo vilitengenezwa kwa chuma au kwa kitu kilichoitwa mfupa wa nyangumi, ingawa kwa kweli hakikuwa mfupa bali vibamba vya kinywani mwa mnyama huyo. Tofauti yao iko kwenye lengo. Fundi wa magauni hupima ili kiuno kionekane chembamba, ilhali mtaalamu wa tiba hupima ili pingili za uti wa mgongo zisisogee kwa namna inayodhuru.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza hakihitaji futi. Ni swali: koseti hii ni ya nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya muda mrefu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi unashauri kwamba mikanda na vizuizi vya kiuno visitumiwe kama tiba ya kawaida ya maumivu hayo. Mbeba viroba ambaye kiuno kinamuuma kila jioni anaweza kupoteza fedha zake bure.

Hali ni nyingine kwa aliyevunjika pingili, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, au mtoto ambaye uti wake unapinda kadiri anavyokua. Ni nyingine pia kwa mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, maradhi ambayo daktari Mwingereza Percivall Pott aliyaeleza mwaka 1779. Jambo hili lina uzito wa pekee machimboni, kwani vumbi la mawe yenye silika huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Koseti haitibu maradhi hayo. Yanayotibu ni dawa, ambazo nchini Tanzania hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na koseti huushikilia mgongo tu wakati dawa zinafanya kazi. Mgonjwa ambaye miguu yake inapoteza nguvu au aliyeshindwa kuzuia haja ndogo hapaswi kusubiri koseti yoyote, bali awahishwe hospitali.

Baada ya swali hilo ndipo kazi ya mikono huanza. Mgonjwa huvaa fulana nyembamba ya pamba inayoshika mwili, isiyo na mikunjo. Kabla ya kuguswa huelezwa ni sehemu gani zitashikwa na kwa nini, na mwanamke anayepimwa na mwanamume anastahili kuwa na muuguzi au ndugu yake ndani ya chumba. Hili si suala la adabu peke yake. Mtu mwenye haya hubana tumbo na kukakamaza mabega, na mwili uliokakamaa hutoa namba za uongo.

Mpimaji hutafuta kwanza mifupa, kwa vidole, kisha huiwekea alama. Mbele hutafuta chembe cha moyo, ncha za mbele za mifupa ya nyonga, na mfupa wa kinena. Nyuma hutafuta ncha ya chini ya mfupa wa bega na mahali mgongo unapokomea karibu na kitako. Mifupa hiyo ndiyo mipaka ya vazi. Tumbo hubadilika baada ya mlo, lakini ncha ya nyonga hubaki pale pale.

Kisha huja mizunguko: chini ya matiti kwenye usawa wa chembe cha moyo, kiunoni, juu ya nyonga, na kwenye mapaja pale nyonga zinapokuwa pana zaidi. Futi hulala sawa pande zote bila kukata nyama, na mgonjwa hupumua kama kawaida yake. Wengi, wakiona futi, huvuta tumbo ndani kana kwamba wanapigwa picha. Koseti iliyoshonwa kwa kipimo hicho haivaliki.

Jambo ambalo hata mafundi hodari wa nguo hulisahau ni kwamba futi hueleza ukubwa wa mzunguko lakini haielezi umbo lake. Watu wawili wanaweza kuwa na kiuno cha sentimita 80 kila mmoja, wa kwanza akawa mpana na bapa kama ubao, wa pili akawa mwembamba kwa mbele lakini mnene ukimtazama ubavuni. Kitambaa laini kinaweza kuwasamehe wote wawili. Plastiki ngumu haisamehi: itambana wa kwanza mbavuni na kumwachia wa pili nafasi ya kuyumba. Kwa hiyo hutumika pia kipimo cha mikono miwili kinachofanana na bikari kubwa, ili kupata upana kutoka ubavu hadi ubavu na unene kutoka mbele hadi nyuma.

Urefu hupimwa kwa namna mbili, na ya pili ndiyo hurukwa mara nyingi. Mgonjwa anayeruhusiwa kusimama hupimwa akiwa wima, halafu huketishwa kwenye stuli. Akiketi, mapaja hupanda na tumbo hushuka. Koseti ambayo ilionekana nzuri akiwa amesimama huanza kuchimba mapaja kwa chini, na kwa juu husukumwa kuelekea kidevuni. Ukingo wa chini wa mbele huachiwa nafasi ya kama inchi moja juu ya mapaja ya mtu aliyeketi.

Ikiwa pingili zimevunjika na bado hazijaimarika, kusimama ni marufuku. Mgonjwa hupimwa akiwa amelala chali, na akihitaji kugeuzwa, watu kadhaa humgeuza kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja. Mwenye kibiongo kilichotokana na kifua kikuu hupimwa pia urefu wa nundu na kina chake, kwa kuwa sehemu hiyo huachiwa nafasi badala ya kukandamizwa. Ngozi iliyo juu ya mfupa uliochomoza huchubuka upesi.

Koseti ngumu haitegemei namba peke yake. Kiwiliwili huzungushiwa bandeji za plasta ya jasi zilizoloweshwa, zikikauka hukatwa na kuvuliwa kama ganda. Ganda hilo hujazwa jasi ili kupata sanamu ya mwili, sanamu hiyo husawazishwa kwa kufuata vipimo vilivyoandikwa, na plastiki iliyolainishwa kwa joto kali hufunikwa juu yake. Mchoraji wa Mexico, Frida Kahlo, aliyeumia vibaya katika ajali ya basi Septemba 17, 1925, alivaa kwa nyakati tofauti koseti za plasta, za ngozi na za chuma, na mwaka 1944 alijichora akiwa amefungwa katika mojawapo, uti wake wa mgongo ukiwa nguzo iliyopasuka.

Nchini Tanzania, wataalamu wa kazi hii hufundishwa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 kwenye eneo la Hospitali ya KCMC kwa ushirikiano na Ujerumani. Chuo hicho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, Moshi ni mbali sana na Rwamgasa, na Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ni mbali zaidi.

Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanaopewa rufaa hupelekwa Bugando, jijini Mwanza. Kwa miaka mingi safari hiyo ilimaanisha kungoja kivuko cha Busisi, na kwa mtu mwenye mgongo uliovunjika kila saa ya kungoja ndani ya gari ilikuwa na maumivu yake. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na ng'ambo sasa hufikiwa kwa dakika chache.

Umbali ndio huwashawishi watu kutuma vipimo kwa simu. Ndugu humzungushia mgonjwa futi ya fundi cherehani, akasoma namba, zikapelekwa mjini. Namba tatu, kifua, kiuno na nyonga, zinatosha kushona blauzi. Hazisemi nundu iko wapi, mgonjwa akiketi inakuwaje, wala kama alipimwa amesimama wakati hakupaswa kusimama.

Siku ya kuchukua koseti nayo ni siku ya vipimo. Mgonjwa huivaa, hutembea ikiwa ameruhusiwa, huketi, hupumua kwa nguvu, kisha huivua na ngozi yake hukaguliwa. Wekundu unaofifia ndani ya nusu saa ni wa kawaida. Usiofifia unaonyesha mahali pa kupunguzwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo mkaguzi hupapasa kutafuta joto na ugumu.

Koseti ya kitambaa hushonwa ikiwa ndogo kidogo kuliko mwili, ili pakazwapo kamba pabaki pengo kati ya kingo zake mbili. Mgonjwa aliyekonda kwa ugonjwa, au aliyenenepa baada ya kupata nafuu, huliona badiliko hapo. Kingo zikianza kukutana, vipimo vya mwanzo vimekwisha kazi, na futi hutolewa tena.