Nyumba ya opera ya Central City: kile kinachobaki kisha zahabu kupungua

Tunapozungumza juu ya mji wa migodi, tunahesabu tani za mawe na bei yake. Ni mara chache tunauliza: wale wachimbaji walikuwa wanaimba wapi jioni? Katika insha hii tutaeleza historia ya nyumba moja ndogo ya Marekani, juu inatufundisha kitu sisi wenyeji wa miji ya shaba.

Central City iko ndani ya milima ya Colorado, karibu mita 2.600 juu ya usawa wa bahari. Zahabu ilivumbuliwa pale mwaka wa 1859, na watu wakafurika. Kati yao walikuwa wachimbaji wengi kutoka Cornwall na Wales. Wale walikuja na ufundi wa kuchimba, lakini walikuja vilevile na desturi ya kwao: kuimba kwa pamoja, kila kundi na sauti yake.

Mwaka wa 1874 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, sababu nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Walipojenga upya, walitumia sana sana mawe na matofali. Mwaka wa 1877 wenyeji wenyewe walicheza opera, ni kusema mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yanaimbwa. Watu walipendezwa mno. Basi wakaamua: tupate nyumba yetu. Wakachanga franga, wakamwomba Robert Roeschlaub wa Denver achore plani, na mwezi wa tatu 1878 ile nyumba ya mawe ikafunguliwa.

Furaha haikudumu. Mwaka wa 1881 Horace Tabor, tajiri wa migodi ya feza, alifungua jumba kubwa zaidi mjini Denver. Wachezaji wenye sifa wakaanza kubaki kule. Huku mlimani migodi ilizidi kupunguka na wachimbaji wakahama. Nyumba yao ikageuka kuwa ya sinema, na mwaka wa 1927 ikafungwa kabisa.

Nani aliiokoa? Si kompani ya migodi. Mwaka wa 1931 jamaa ya McFarlane, wenye nyumba, waliitoa zawadi kwa universite ya Denver. Wanawake, kati yao Ida Kruse McFarlane na Anne Evans, wakasimamia kazi ya kuitengeneza. Watu wakatoa franga juu ya viti, na viti vikachongwa majina ya wazee waliotangulia pale. Tarehe 16 mwezi wa saba 1932, wakati Marekani yote ilikuwa ndani ya shida ya uchumi, milango ikafunguka tena, naye Lillian Gish, mchezaji mashuhuri wa sinema, akasimama jukwaani.

Mwaka wa 1956 ndani ya nyumba hiyo ilichezwa kwa mara ya kwanza The Ballad of Baby Doe, opera ya Douglas Moore. Inasimulia nini? Maisha ya yule Tabor na mke wake, namna walivyofilisika kisha bei ya feza kuanguka mwaka wa 1893. Jumba lake kubwa la Denver lilibomolewa mwaka wa 1964. Kumbe ile ndogo ya mlimani ingali inasimama! Tangu 1991 mji unaishi zaidi na kasino, na wenyeji hawafiki elfu moja, lakini wakati wa joto opera ingali inachezwa.

Na kwetu? Kule Lubumbashi, jumba la michezo lililomalizika mwaka ule ule wa 1956 liligeuka nyumba ya mikutano ya wabunge. Ndilo Jengo la 30 Juin. Ndani ya makambi ya wafanyakazi tunajua sala zilizokuwa za dansi na michezo, leo ni depo. Wengine watasema: juu ya nini kuhangaikia nyimbo wakati tumbo ni tupu? Sisi tunajibu kwamba hata mwaka wa 1932 matumbo yalikuwa matupu. Wale walianza na viti. Tuanze basi kwa kuuliza wazee wetu, wangali hai, ni nani walicheza ndani ya zile sala, na tuandike majina yao.