Maumivu ya misuli mwambaoni Rumonge: kuchua kunafaa lini, na lini ni hatari?

Kutoka vilima vya Bugarama hadi mji wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura, kazi nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika bado hufanywa kwa nguvu za mikono. Wavuvi wa ndagala huvuta nyavu usiku kwa mwanga wa taa, wakulima hulima miteremko kwa jembe, na vibarua wa michikichi huangusha mikungu na kuibeba hadi penye mitambo ya kukamulia mawese. Maumivu ya mabega, kiuno na mapaja huwa sehemu ya maisha, na wengi huanza kutafuta nafuu nyumbani, kwa mafuta na mikono ya ndugu.

Kiswahili hutofautisha tiba hizo. Kuchua ni kusugua misuli kwa mafuta. Kukanda huweza kuwa kubonyeza, kama unga unavyokandwa, au kutumia kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Joto humfaa mwenye misuli iliyokaza, lakini kifundo kilichoteguka leo na kuvimba hakichuliwi wala hakikandwi kwa moto: hupumzishwa, huinuliwa, na kuwekewa kitambaa cha maji baridi.

Maumivu yanayozuka siku moja hadi tatu baada ya kazi nzito isiyozoeleka hutokana na michubuko midogo mno katika nyuzi za misuli. Wengi hudhani ni asidi iliyobaki mwilini, ingawa asidi hiyo huondoka katika muda wa saa chache baada ya kazi kusimama. Kwa kawaida maumivu hayo hupungua yenyewe ndani ya wiki. Kuchua hakuziunganishi nyuzi. Hupunguza ukakamavu na kuutuliza mwili, nayo ni faida ya kutosha.

Mchuaji huanza polepole, kwa kiganja chote, kisha hubonyeza kwa vidole gumba pembezoni mwa uti wa mgongo, kamwe si juu ya mifupa yake. Dakika 10 hadi 15 zatosha. Mafuta yoyote laini ya kupikia yanafaa, maana kazi yake ni kupunguza msuguano. Mawese nayo yanafaa, ila yatatia nguo doa. Anayechuliwa akiona maumivu yanazidi, aseme, kwani nguvu nyingi si ustadi.

Kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unataja kuchua miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu. Mwongozo huo haupendekezi mikanda ya kiuno kuwa tiba ya kawaida. Kulala kitandani siku nyingi nako hudhoofisha misuli; kutembea kidogo kidogo ni bora.

Msongo wa mawazo huongeza maumivu. Mtu aliyeona maji ya ziwa yakiingia nyumbani mwake, kama ilivyotokea mwaka 2024, hukaza shingo na taya hata usingizini. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano kabla ya kulala, hupunguza mapigo ya moyo, na hakugharimu chochote.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki vikimezwa kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mtu aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usichuliwe: huenda kuna damu iliyoganda mshipani. Tumbo la mjamzito lisibonyezwe, wala aliyeanguka kutoka mchikichini asinyooshwe mgongo. Maumivu yenye homa yapimwe malaria. Ganzi ya mapajani, kushindwa kuzuia mkojo, mkojo mweusi baada ya kazi ngumu, au maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, yote hayo humpeleka mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo.