Ukoo wa Programu: Istilahi na Matumizi Yake katika Kampuni Ndogo

Ukoo wa programu ni kundi la programu za kompyuta zinazojengwa juu ya kiini kimoja, huku kila moja ikitofautiana na nyingine katika mambo yaliyotambuliwa na kupangwa mapema. Tafsiri ya "mstari wa bidhaa", kutoka Kiingereza "product line", humpeleka msomaji kiwandani, ilhali mwanasayansi wa kompyuta David Parnas, katika andiko lake la mwaka 1976, alizungumzia familia za programu. Kwa hiyo neno ukoo, lenye kubeba asili moja pamoja na matawi, linastahili kupewa nafasi ya kwanza.

Kampuni ya wataalamu wachache inayotaka kuvihudumia vyama vya fedha vya Mlola, kata ya milimani wilayani Lushoto, Tanzania, itakuta kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, katika daraja la tatu, na vikundi vya kijamii, vikiwamo vikoba, katika daraja la nne. Daftari la wanachama, mikopo na marejesho ni vya wote, na hicho ndicho kiini. Kikoba, hata hivyo, kwa kawaida hugawana fedha mwishoni mwa mzunguko na kuanza upya, wakati SACCOS huendeleza akiba mwaka hadi mwaka na kutoa gawio. Mahali ambapo programu huachana namna hiyo panafaa kuitwa njia panda, na mchoro unaoonyesha njia panda zote, uliopata umaarufu tangu mwaka 1990 kwa kazi ya mtafiti Kyo Kang na wenzake, ni ramani ya sifa.

Kinachoziumiza kampuni ndogo ni mazoea ya kunakili programu nzima kila anapopatikana mteja mpya. Kosa la kukokotoa riba ya salio linalopungua likisahihishwa katika nakala ya kikoba kimoja, hubaki katika nakala nyingine zote, na mkopaji wa kikundi cha jirani huendelea kutozwa zaidi ya anachodaiwa, jambo ambalo ni dhuluma hata kama hakuna aliyekusudia.

Si lazima kiini kikamilike kwanza ndipo mauzo yaanze. Salion, kampuni ndogo ya Austin, Texas, iliyochunguzwa mwaka 2002, iliongeza tofauti kadiri wateja walivyojitokeza. Kampuni yenye nakala tatu tayari inaweza kuzilinganisha, kuanzia na hesabu ya riba, ikahamishia kwenye kiini yale yanayofanana, na kumkabidhi mtu mmoja mamlaka ya kukubali au kukataa badiliko lolote ndani yake.