Majasi ya Sauti

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia Kariakoo kununua iafoni nyingine baada ya ile ya mwezi jana kufa upande mmoja, hebu keti kidogo nikusimulie habari za sikio. Sikio la pwani hii yetu, kuanzia Kunduchi na Mbweni, ukapita Mapinga, Zinga na Kaole hadi Bagamoyo mjini, kisha Saadani na Pangani kule juu, lina historia ndefu ya kuvalishwa vitu. Tena vitu vya kupimwa, si vya kubahatisha.

Bibi zetu walivaa majasi. Vijana wengi siku hizi hata neno lenyewe hawalijui. Jasi ni pambo la mviringo linalokaa ndani ya tundu la ndewe, si sawa na kipuli ambacho huning'inizwa kwenye ukingo wa sikio. Msichana alitogwa masikio angali mdogo, halafu tundu likapanuliwa polepole kwa karatasi iliyoviringishwa. Leo nyembamba, mwakani nene kidogo, mpaka tundu likafikia kimo chake. Aliyejaliwa aliagiza kwa sonara majasi ya fedha au ya dhahabu. Asiyekuwa nacho alibaki na karatasi za rangi, na ukitazama picha za zamani za Unguja utaona kwamba hao wa karatasi nao walikuwa wamependeza mno.

Ninachotaka ukishike ni hiki: sonara alitazama tundu lako wewe, hakutazama la jirani. Jasi la kuazima lilikuwa ama linacheza ama linaumiza. Nitarudi hapo.

Waya uliingia Bagamoyo mwaka 1890. Unguja ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Aden kwa kebo ya baharini tangu 1879, na mwaka huo wa 1890, Wajerumani wakiwa wamekwisha kutia mguu, ikatandazwa nyingine kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Kebo za siku zile zilivishwa utomvu wa mti wa nchi za Kusini-Mashariki ya Asia ili maji ya chumvi yasile shaba ya ndani. Sisi wenyewe wakati huo tulikuwa tunauza utomvu wa namna yetu. Sandarusi ilichimbwa ardhini huko Uzaramo, ikasafirishwa kupitia Unguja, na kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kule Marekani. Ilipikwa ikawa vanishi ya kung'arisha magari ya farasi na samani za matajiri. Utomvu unaoganda ukawa mgumu na kung'aa kama kioo: ukumbuke huo pia, maana tutaukuta tena ndani ya sikio.

Hedifoni zenyewe zilikuja na redio za upepo. Mwaka 1910, huko Utah, Mmarekani aitwaye Nathaniel Baldwin alikuwa akitengeneza hedifoni jikoni kwake. Naam, jikoni! Jeshi la wanamaji la Marekani likazijaribu, likaagiza. Enzi hizo mawimbi yaliyofika yalikuwa hafifu kiasi kwamba mpokea habari asipobana masikio yake hasikii kitu. Basi ndivyo walivyofanya kazi hata mafundi wa kituo cha redio cha Wajerumani cha Dar es Salaam, kile ambacho manowari ya Uingereza HMS Astraea ilikuja kukipiga mizinga tarehe 8 Agosti 1914, vita ikiwa na siku nne tu. Hedifoni za wakati ule zilikuwa chuma na ngozi, nzito kama adhabu. Ila zilidumu! Waya ukikatika fundi anaufungua, anaweka mwingine, kazi inaendelea. Usicheke. Jambo hilo dogo la waya kufunguka ndilo linalotofautisha iafoni ya miaka mitano na ya wiki tano.

Katikati hapo kuna miaka mingi ambayo watu wetu walisikiliza kwa pamoja. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri zile zilisikilizwa barazani, mwenye gramafoni akiwa ndiye sultani wa mtaa. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na baadaye Radio Tanzania, redio moja ilihudumia nyumba kumi. Betri za National zikichoka zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Kizazi kizima kilijifunza utani wa Kiswahili kwa Pwagu na Pwaguzi, watu wamejikusanya mduara kama wanaota moto. Nani angevaa kitu cha kumfungia sauti peke yake? Angeonekana mchoyo, au mwanga.

Uchoyo huo uliletwa na Sony. Wokmani ya kwanza iliuzwa Japani tarehe 1 Julai 1979. Kwetu ulikuwa wakati mbaya kabisa: vita ya Kagera imetoka kwisha, maduka matupu, hata sabuni ya foleni. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984 ndipo vitu vya nje vikaanza kumwagika, na mshikaji aliyepita na wokmani kiunoni aliangaliwa kama ameshuka na ndege. Hedifoni zake zilikuwa na sponji za rangi ya chungwa. Sponji zikiisha kumomonyoka watu walishona vitambaa. Hapo ndipo sikio la pwani lilipoanza tena kuvalishwa kitu cha mtu mmoja, ila safari hii bila sonara. Kipimo kimoja kwa masikio yote ya dunia.

Kumbe kulikuwa na watu ambao hawakuacha kupimwa. Hao ni wenye matatizo ya kusikia. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, ile ya Buguruni mwaka 1974, na duniani kote mtoto anayepewa kifaa cha usikivu huchukuliwa umbo la sikio lake, kikafinyangwa kidude cha kukaa humo bila kuvujisha sauti. Ufundi huo ni wao. Wanamuziki waliudandia baadaye tu. Mwaka 1995 fundi mitambo Jerry Harvey, aliyekuwa ziarani na bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen iafoni za kufinyangwa, kwa sababu jamaa alikuwa haambulii kitu jukwaani kwa kelele. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears, na waimbaji wakubwa wote wakafuata.

Umeona? Mpiga ngoma. Hapo ndipo habari inaporudi Bagamoyo.

Mji wetu huu unalala na kuamka na ngoma. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, mwaka uliofuata tamasha lake likaanza, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Vijana wanaopiga ngoma hapa hawahesabiki, na wengi hupiga saa nne au tano kwa siku. Sasa sikiliza hesabu za wataalamu. Sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na ukifika 100 una robo saa tu. Ngoma ikipigwa karibu yako hupita 100 bila wasiwasi. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza. Mmoja wao ni rafiki yangu, mpiga msondo hodari, miaka ishirini na minne. Usiku kukiwa kimya kabisa anasikia mluzi masikioni. Anasema umeanza mwaka juzi na haukatiki. Mama yake alidhani ni majini. Yeye mwenyewe, haambiliki ndewe wala sikio, alikuwa akienda kulala na iafoni za elfu tatu, sauti juu, ili afunike ule mluzi!

Ni kwa ajili yake nilianza kuulizia iafoni za kufinyangwa, na kwa ajili yangu pia. Mimi huwarekodi wazee wa Kaole na Mlingotini wakisimulia, halafu naandika neno kwa neno, maana riwaya bila masikio ni maiti. Kusikiliza mzee asiye na meno huku nje pikipiki zinapita, hapo utaongeza sauti mpaka uumie. Iafoni inayoziba vizuri inapunguza kelele za nje kwa kama desibeli 25, na ukishapunguza za nje huna haja ya kupandisha za ndani. Faida yake kubwa ni hiyo, mambo ya besi ni porojo za wauzaji.

Sasa fedha. Za kufinyangwa za chini kabisa zenye heshima huanzia kama dola 300 au 400, za mastaa hupita 1,000. Kwa kijana wa Bagamoyo hiyo si hela ya mchezo, kwa hiyo kila shilingi iwe na kazi yake.

Kwanza kabisa ni kipimo. Hutumwi picha ya sikio wala hujipimi na udongo wa kuchezea. Nenda kwa mtaalamu wa usikivu. Mahali pa kuulizia ni hospitali zenye idara ya masikio, pua na koo, kama Muhimbili, ambako tangu mwaka 2017 wamekuwa wakipandikiza vifaa vya kusikia ndani kabisa ya sikio. Mtaalamu atamulika ndani, atatoa nta iliyojaa, ataweka kisponji chenye uzi kulinda ngoma ya sikio, kisha atapiga kwa bomba silikoni laini ijae mpaka ipite kona ya pili ya tundu. Dakika chache inaganda, inavutwa. Kama wewe ni mwimbaji, zipimwe ukiwa umeachama, umeng'ata kitu, kwa sababu taya likicheza tundu hubadilika umbo. Kipimo kibaya huharibu iafoni ya dola elfu. Kipimo kizuri huipa hadhi ya bei ndogo. Mimi naona watu wanakosea wanapohesabu spika ngapi zimo ndani, nne, sita, nane, kama wanahesabu ng'ombe wa mahari. Moja au mbili zilizokaa sawa zinatosha.

Gamba lake ni la akriliki au la silikoni. Akriliki ni ngumu, inang'aa, inaganda kama ile sandarusi yetu. Ikiharibika fundi anaweza kuifungua, lakini ikianguka kwenye sakafu ya saruji inaweza kupasuka. Silikoni ni laini, inafuata taya, waimbaji wanaipenda, ila ukarabati wake ni mgumu na huchakaa mapema zaidi. Kwa mtu wa bajeti ya kati anayetaka kitu cha kudumu, nasema akriliki.

Waya uwe wa kuchomoka. Hapa sina mjadala. Waya ndio hufa kwanza, na wa kuchomoka unaununua peke yake kwa hela ya kawaida. Kuna vichwa vinavyozunguka na kuna vya pini mbili. Vya kuzunguka hulegea kwa chumvi na jasho, kwa hiyo pini mbili ni afadhali kwetu. Hewa ya bahari ya Bagamoyo inakula bati, inakula baiskeli, itaacha shaba? Utaona waya umeota ukijani. Futa jasho kila umalizapo, toa nta kwa kibrashi kwenye vitundu vya sauti, na uziweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Watu huvitupa!

Kuna njia ya katikati kwa ambaye hata dola 300 ni ndoto. Unanunua iafoni ya kawaida iliyo nzuri, yenye waya wa kuchomoka, halafu unafinyangiwa vifuniko vyake tu vya silikoni kwa umbo la masikio yako. Iafoni ikifa, vifuniko vinaweza kuingia kwenye nyingine ya aina ileile. Njia hii ndiyo niliyoichukua mimi. Nilivijaribu kwa kanda ya marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia Bagamoyo akafundisha hapa chuoni, akafariki mwaka 2003 akiwa ameufikisha muziki wake Ulaya na kwingineko. Ilimba yake ina vitobo vilivyozibwa kwa utando wa buibui ili mlio uwe na mtetemo fulani, kama nyuki aliye mbali. Kwenye iafoni za elfu tatu nyuki huyo hayupo, amezamishwa na besi. Ukimsikia, ujue umepata.

Kumbuka lakini kwamba iafoni ya kufinyangwa huwezi kumwuzia mtu ukichacha. Wala huwezi kumwazima mdogo wako. Ni kama lile jasi. Na umbo la sikio hubadilika kwa miaka na unene, kwa hiyo siku moja zitaanza kuvuja na utapimwa upya. Tena ukipita barazani chomoa moja. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniita juzi mara tatu, nilipogeuka akaniuliza, "Mjukuu wangu, shikamoo yangu umeimeza au imekwama humo masikioni?"

Rafiki yangu mpiga msondo amekwisha kupimwa. Aliuza baiskeli, akachangiwa na kikundi chake, na daktari amemwambia huo mluzi pengine hautaondoka, kilichobaki ni kulinda kilichosalia. Ameagiza za akriliki, spika mbili kila upande, pini mbili, waya wa akiba. Fundi alipomuuliza rangi, akataka ile ya manjano ya asali, ya sandarusi.